Aseniki na kutu: sumu ya mwamba inavyoshikwa, na inavyokuja kuachiwa

Kila ikisikika taarifa kwamba bwawa la mabaki ya mgodi limevuja huko Kanda ya Ziwa, neno aseniki linaanza kuzunguka, na hazipiti siku mbili utasikia kila aina ya maelezo. Mmoja anasema ni kemikali wanayomwagia mawe ili dhahabu itoke, mwingine anasema ni zebaki hiyo hiyo kwa jina la kizungu, mwingine kaangalia ndoo yake kaona maji yana kutu basi roho imemruka, anaamini kanywa sumu tangu utoto. Halafu wapo wa upande wa pili: maji yetu meupe kabisa, tunachemsha, sumu itoke wapi? Hawa wa mwisho ndo wananitia wasiwasi zaidi na nitaeleza kwa nini, ila lazima tuanzie mbali kidogo, tuanzie kwenye jiwe.

Aseniki ni elementi, kama ilivyo chuma, shaba au dhahabu yenyewe. Maana yake hakuna mtu anayeitengeneza na hakuna kitu kinachoimaliza, huwezi kuichoma ikaisha wala kuisubiri ioze, unachoweza ni kuihamisha tu ikatoka hapa ikaenda pale. Zebaki ni elementi nyingine kabisa, na ni mchimbaji ndiye anayeileta mwaloni, pale wanapooshea mawe yaliyosagwa, ili ikamate dhahabu, na sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, nayo inaletwa na watu. Aseniki haikuletwa na mtu. Ilikuwemo ndani ya jiwe kabla hata Ziwa Victoria halijakuwepo, maana miamba ya dhahabu ya Geita na Mara, mpaka ukivuka kwenda Migori upande wa Kenya, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Na haipo Geita tu. Mwamba wa kawaida, popote pale duniani, una wastani wa kama gramu 2 za aseniki kwa kila tani. Kwa hiyo tipa moja la tani 10 la mawe ya kawaida kabisa, ya kujengea msingi, lina gramu 20 hivi. Sasa Shirika la Afya Duniani tangu 1993 linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 kwa lita (kabla ya hapo walikuwa wanakubali mpaka 50), yaani tanki la lita 1,000 lisiwe na zaidi ya miligramu 10. Piga hesabu mwenyewe: gramu 20 za tipa moja zikiyeyuka zote zinatosha kufikisha kwenye kikomo matanki 2,000. Tipa moja tu la mawe! Na sisi nchi nzima tumekalia mawe, chemchemi zinatoka kwenye mawe, mababu wamekunywa humo vizazi na vizazi na wengi hawakudhurika. Kwa hiyo kuuliza "aseniki ipo au haipo" hakutusaidii, ipo kila mahali. Cha kuuliza ni imeshikwa na nini, na kitu gani kinaweza kuilegeza.

Mwamba unapooza

Ndani ya mwamba aseniki inapenda kukaa pamoja na chuma na salfa. Madini yake yanayojulikana zaidi yanaitwa asenopairaiti, ambayo ni hivyo vitu vitatu vimeungana, na karibu asilimia 46 ya uzito wake ni aseniki tupu. Ina rangi ya fedha inayoelekea kijivu, inameta, na ukiigonga kwa nyundo inatoa harufu ya kitunguu saumu. Mtu aliyezoea kupasua mawe ya dhahabu anaweza kuwa ameshaisikia hiyo harufu bila kujua ni nini, ila wewe tafadhali usiende kugonga ili unuse. Ndugu yake ni pairaiti, ile ya njano inayong'aa mpaka mgeni anadhani katajirika, nayo huwa inaficha aseniki kidogo kidogo ndani yake. Dhahabu ya miamba ya kale mara nyingi imekaa jirani na haya madini, ndo maana wanajiolojia wanaotafuta dhahabu wanapima aseniki kwenye udongo, wakiona imepanda ghafla wanajua wapo karibu.

Huko chini kusikofika hewa madini haya yanaweza kutulia miaka na miaka bila kubadilika. Shughuli inaanza mwamba ukishakuwa karibu na uso wa ardhi, hapo maji ya mvua yanafika, oksijeni inafika, vinapenya kwenye nyufa na jiwe linaanza kuoza. Sizungumzii mmomonyoko, huo ni udongo kusombwa, hapa jiwe linabadilika papo hapo lilipo. Yale madini yenye salfa ndo yanayoshambuliwa mapema: salfa inageuka kuwa asidi, chuma kinajiunga na oksijeni na kuwa kutu, na aseniki iliyokuwa imebanwa katikati yao inabaki haina mwenyewe, inaingia kwenye maji.

Ingeishia hapo tungekuwa na balaa kila mahali. Haiishii hapo.

Okota jiwe pale barabara ilipochongwa ubavuni mwa kilima, ulipasue. Katikati utakuta kijivu au kijani cha giza, sehemu bado nzima. Kuzunguka hapo kuna pete ya kahawia, halafu nyingine ya njano iliyokolea, na nje kabisa, hasa kwenye kuta za nyufa, kuna ngozi nyeusi nyembamba ukiipapasa inapaka vidole. Hizo za kahawia na njano zote ni kutu, kutu zina aina nyingi. Ile nyeusi ni oksidi ya manganizi, metali ambayo karibu kila penye chuma nayo haikosi. Sasa aseniki iliyotoka kwenye madini yaliyokwisha kuoza utaikuta hapo kwenye zile pete na ile ngozi nyeusi, pengine milimita chache tu kutoka pale ilipozaliwa. Ilitoka kifungoni ikakamatwa mlangoni.

Kutu inashikaje?

Kama umewahi kukatiza shamba lililoachwa wakati wa kiangazi unakijua kishonanguo, unatoka upande wa pili suruali imejaa vile vijiti vyeusi na hata ukiikung'uta havitoki. Kutu ndo hiyo suruali na aseniki ndo kishonanguo. Na hii ni suruali kubwa kuliko unavyodhani: kutu changa, ile laini ya rangi ya chungwa unayoiona kwenye mifereji, imejaa vijitundu visivyoonekana kwa macho, kiasi kwamba gramu moja ukiikunjua uso wake wote unapata zaidi ya mita za mraba 200. Gramu moja! Kwa hiyo nafasi ya kunasia ipo tele.

Ila siyo kila aseniki inanasa sawasawa. Kwenye maji aseniki huwa imejiunga na oksijeni, na inakuja kwa sura mbili, wakemia wanaziita tatu na tano, tuziache hivyo hivyo. Aseniki tano kwenye maji ya kawaida ina chaji hasi, na uso wa kutu kwenye maji yasiyo na magadi una chaji chanya, kwa hiyo vinavutana, na vikishakutana havigusani juu juu tu, oksijeni ya aseniki inafungana moja kwa moja na chuma. Mvua ya kawaida haiwezi kuiosha. Aseniki tatu yenyewe haina chaji kwenye maji ya kawaida, nayo inashikwa na kutu lakini kwa kusuasua, inateleza kirahisi, inasafiri mbali zaidi, na kwa bahati mbaya ndo yenye sumu kali zaidi kati ya hizo mbili.

Hapo ndo manganizi inapoingia, na watu wengi wanaoongelea aseniki wanaisahau. Oksidi ya manganizi ina njaa ya elektroni. Ikikutana na aseniki tatu inaipokonya elektroni mbili, na aseniki tatu inageuka kuwa tano palepale, manganizi yenyewe kwa malipo ya hiyo kazi inayeyuka kidogo. Ila uso wake mara nyingi nao una chaji hasi, kwa hiyo ile tano iliyotengenezwa haivutiwi sana kubaki hapo, inasogea kwa jirani ambaye ni kutu, na kutu inaikamata barabara. Kwa kifupi manganizi inabadilisha, chuma kinashika. Ndo maana udongo wenye vyote viwili unafanya kazi vizuri kuliko wenye kimoja, na kwenye miamba iliyooza unakuta madoa meusi na ya kahawia yamechanganyikana kiasi kwamba kuyatenganisha ni shughuli.

Sasa ongeza muda. Mvua za miaka mingi mno zinapita kwenye huo mwamba uliooza, zinachukua sodiamu, kalisi, potasiamu, hata silika zinaondoka nayo taratibu. Vinavyokataa kuondoka ni chuma na aluminiamu. Mwisho wake ni ule udongo mwekundu, na pale ulipokauka na kukamatana unapata murram, ile hiyo hiyo ya barabarani inayotuachia vumbi kwenye kola. Murram ni chuma kilichobaki baada ya kila kitu kingine kusepa. Na kama mwamba wa mwanzo ulikuwa na aseniki, aseniki nayo imebaki imeng'ang'ania humo, kwa hiyo kila tani ya udongo inakuwa na aseniki nyingi kuliko tani ya mwamba uliozaa huo udongo, japo hakuna aliyeleta hata punje. Hii ndo maana ya kulimbikizana. Mtu akipima udongo mwekundu karibu na ukanda wa dhahabu akakuta aseniki iko juu, hiyo peke yake haithibitishi kwamba kuna mtu kamwaga kitu.

Na ikiwa juu kwenye udongo haina maana iko juu kwenye maji. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, wanasoma namba ya udongo wanaogopa kisima, au wanasoma namba ya kisima wanaogopa shamba. Kutu ikiwa nzima na hewa inafika, udongo wenye aseniki nyingi unaweza kuwa juu ya maji safi kabisa.

Suruali ikiyeyuka

Sasa upande wa pili wa hadithi, na kwa huo inabidi twende Bangladesh kwa sababu wao ndo walioulipia ada.

Mito ya Ganges na Brahmaputra inashuka kutoka Himalaya imebeba mchanga, na kila punje ya mchanga imevaa ngozi ya kutu yenye aseniki kidogo. Nasema kidogo kweli, mchanga wenyewe hauna aseniki ya kutisha ukilinganisha na mawe ya dhahabu. Mchanga ukatua kwenye delta, ukafunikwa na tope, na pamoja na tope mabaki ya mimea. Miaka ya 1970 serikali na mashirika, UNICEF wakiwemo, wakahamasisha visima vya pampu ya mkono kwa sababu maji ya madimbwi na mito yalikuwa yanaua watoto kwa kuhara, na mimi siwezi kuwalaumu kwa hilo, mtu yeyote mwenye akili angefanya hivyo hivyo. Visima vikachimbwa kwa mamilioni. Mwaka 1983 upande wa India, West Bengal, madaktari wa ngozi wakawa wameshaanza kutambua watu wenye madoa mwilini na viganja vilivyoota sugu ngumu kuwa wameathirika na aseniki, na Bangladesh yenyewe ikathibitisha aseniki kwenye visima mwaka 1993. Uchunguzi wa visima 3,534 uliotolewa 2001 ulikuta asilimia 27 ya visima vifupi vimezidi mikrogramu 50 kwa lita, na asilimia 46 vimezidi 10.

Kilichotokea huko chini ni nini? Mwanzoni wapo waliodhani visima vya umwagiliaji vimeshusha maji, hewa ikaingia ardhini, ikaozesha pairaiti. Ilikuja kuonekana ni kinyume chake kabisa, tatizo lilikuwa ni hewa kukosekana. Kwenye tope lililozikwa na majani yaliyooza kuna bakteria. Wanakula hayo majani, na kama sisi wanahitaji kitu cha kupokea elektroni baada ya kula, sisi tunatumia oksijeni. Oksijeni ikiisha wanatafuta mbadala, wanaanza na naitreti, wanakuja kwenye oksidi ya manganizi, ikiisha wanageukia kutu. Kutu ikitumika hivyo inayeyuka, chuma kinaingia kwenye maji, na kila kilichokuwa kimeng'ang'ania kwenye kutu kinakosa pa kushika. Tena manganizi ilitangulia kuondoka, kwa hiyo hakuna wa kuigeuza aseniki tatu kuwa tano. Inabaki ile inayoteleza.

Wachimba visima wa kule wanajua kitu kimoja rahisi ambacho kinaeleza habari nzima: mchanga unaotoka kwenye bomba ukiwa wa kahawia au rangi ya chungwa, kutu bado ipo, maji hapo mara nyingi aseniki yake ni ndogo. Ukitoka wa kijivu, kutu imeshavuliwa, na hapo tahadhari. Serikali na mashirika wakapita wakipaka pampu rangi, nyekundu usinywe, kijani kunywa, na unaweza kukuta nyekundu na kijani havijaachana hata mita 100, kwa sababu tope na majani havikuzikwa sawasawa kila mahali. Yaani kisima cha jirani kuwa salama hakikuambii chochote kuhusu chako.

Kukosa hewa siyo njia pekee. Maji yakiwa ya magadi sana uso wa kutu unapoteza ile chaji chanya, na aseniki inaachia bila kutu kuyeyuka. Fosfeti nayo inafanana na aseniki tano kwa umbo na chaji, zinagombania viti vile vile, kwa hiyo fosfeti ikija kwa wingi aseniki inasukumwa nje. Asidi kali nayo inaweza kuyeyusha kutu yenyewe. Kila njia ina mahali pake, lakini kwenye visima vya mabondeni na kandokando ya mito hiyo ya hewa kukatika ndo ya kuangalia kwanza.

Turudi Kanda ya Ziwa

Mchimbaji mdogo anatoa jiwe kwenye duara, yaani shimo lake la kuchimbia, linapelekwa kwenye karasha, linasagwa unga, linaoshwa kwa zebaki, na unga unaobaki, marudio, unarundikwa kusubiri mwenye mtambo wa sianidi aje aununue. Fikiria hilo kwa jicho la mwamba unaooza. Jiwe ambalo lingechukua maelfu ya miaka kufikiwa na hewa mpaka ndani, karasha limelifungua lote kwa siku moja. Madini yenye salfa yanaanza kuoza msimu huo huo, rundo linageuka rangi, linakuwa la njano na kahawia, maji yanayochuruzika yanakuwa na asidi. Wakati rundo liko wazi linapigwa na hewa, kutu inayozaliwa inakamata sehemu kubwa ya aseniki, kwa hiyo mtu akikwambia kutu ya marudio ni dalili ya sumu kumwagika, amesema nusu, maana kutu hiyo hiyo ndo inayoizuia.

Tabu ni pale rundo hilo linaposombwa na mvua likaishia bondeni kwenye kinamasi, au likafukiwa kwenye shimo lenye takataka na samadi na maji yaliyotuama. Hapo umeitengeneza Bangladesh ndogo kwa mikono yako. Na kwa watoto wanaocheza kwenye hilo vumbi hata kutu nzima haiwasaidii kitu, tumbo halisubiri kutu iyeyuke kisimani.

Vipimo vilivyowahi kufanywa kwenye visima na vijito vya Geita na Mara vimekuta baadhi vimezidi mikrogramu 10, vingine mbali sana, na vingine viko salama tu. Siyo vyote unaweza kulaumu mgodi. Mwamba wenye asenopairaiti haujali kama juu yake kuna mgodi au shamba la mihogo, ukioza unaoza. Wala sitaki mtu achukue hiyo kama kisingizio cha kuwatetea wanaoacha mabwawa yavuje, vitu viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Mpunga nao uko kwenye hadithi hii hii, maana jaruba likijazwa maji hewa inakatika, kutu ya udongo inaanza kuyeyuka, na mizizi ya mpunga ipo pale pale inafyonza. Ndo sababu mchele duniani kote huwa na aseniki kuliko mahindi au ngano. Ukipika wali kwa maji mengi safi ukayamwaga, unapunguza kiasi.

Kwa hiyo haya maji yangu?

Kuchemsha hakuondoi aseniki. Elementi haifi kwa moto, maji ndo yanapungua kwa mvuke, aseniki inabaki kwenye sufuria ikiwa imekolea zaidi. Klorini ya vidonge au ya chupa inaua vijidudu, aseniki haiiondoi. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii kwa ile iliyoyeyuka. Haina rangi, haina harufu kwenye maji, haina ladha. Na ile habari ya meno ya kahawia Arusha ni floraidi, suala jingine kabisa. Aseniki ya kwenye maji inakuja taratibu, miaka kadhaa mpaka zaidi ya kumi, madoa ya ngozi, sugu kwenye viganja na nyayo, na baadaye saratani za ngozi, mapafu na kibofu. Kuoga na kufua kwa maji hayo siyo tatizo kubwa, tatizo ni kunywa na kupikia.

Sasa wale wa "maji yetu meupe". Chuma kilichoyeyuka kwa kukosa hewa hakina rangi, kwa hiyo maji mabaya kabisa kutoka kisimani yanatoka yanang'aa. Yaache kwenye ndoo saa chache, hewa iingie, yanaanza kugeuka ukungu wa kahawia na asubuhi kuna tope chini. Hiyo ni kutu inazaliwa upya mbele ya macho yako, na ikizaliwa inakamata aseniki inashuka nayo. Ukiona hivyo haina maana una aseniki, chuma kinaweza kuwepo chenyewe bila hiyo sumu, ina maana tu kisima chako kiko katika hali ambayo kutu inayeyuka, kwa hiyo una sababu ya kwenda kupima. Tofautisha na maji ya bomba yanayotoka mekundu asubuhi halafu yanasafika, hayo ni mabomba kuukuu. Na usiamini kwamba kuacha maji yatuame usiku mmoja kunatosha, kunapunguza, kiasi gani inategemea una chuma kiasi gani kwa hiyo aseniki.

Ila wazo lenyewe ni zuri na limeshafanyiwa kazi. Vietnam, kwenye delta ya Mto Mwekundu, familia zinapitisha maji ya kisima kwenye tangi la mchanga, chuma kinaganda kwenye mchanga na kuondoka na sehemu kubwa ya aseniki. Nepal wapo waliotumia misumari yenye kutu juu ya mchanga. Abul Hussam, mkemia wa Bangladesh aliyekuwa akifundisha Marekani, alitengeneza chujio la ndoo lenye tabaka la chuma, likampa tuzo ya dola milioni 1 mwaka 2007. Wote wanafanya kile ambacho mwamba uliooza unafanya bure. Cha kuangalia ni mchanga au chuma kilichotumika kinapochakaa, hiyo sasa ni kutu iliyoshiba aseniki, usiitupe chooni wala kwenye shimo la samadi, ukiitupa huko bakteria watairudisha kwenye maji.

Ukienda kupima, iwe maabara ya maji ya wizara au kwa Mkemia Mkuu, sema unataka aseniki jumla na uliza kama kipimo chao kinaweza kusoma chini ya 10. Halafu kitu kimoja ambacho kinaharibu majibu ya watu wengi: chupa ya sampuli. Ukichota maji ya kisima chenye chuma ukayasafirisha siku mbili kwenye basi, kutu inaganda ndani ya chupa, aseniki inang'ang'ania kwenye hiyo kutu na kwenye kuta za chupa, maabara wanamimina maji meupe ya juu wanapima, namba inatoka ndogo, unarudi nyumbani unafurahi bure. Dawa yake ni matone ya asidi kwenye chupa mara tu unapochota, kutu haigandi na aseniki inabaki kwenye maji. Waombe maabara wakupe chupa iliyokwisha kuwekwa hiyo asidi, na usiisuuze kabla ya kuijaza.